Kaunta Buku Kabla ya Rafu

Mkulima wa maharage wa Kibimba, wilayani Ngara, hachanganyi gunia la kula na akiba ya mbegu, hata kama vyote vilivunwa shamba moja siku moja. Ya kula hupimwa kwa debe. Ya mbegu huchambuliwa kwa mkono, huanikwa tena, huchanganywa na majivu ili fukusi wasiyaingie, huwekwa juu ambako unyevu wa sakafu haufiki, na mwenye nyumba hujua yapi ni ya aina gani na yalitoka msimu upi. Akifariki bila kumwambia mtu, watoto wake wanabaki na maharage tu. Mbegu imepotea ingawa punje zote zipo. Ninachotetea katika sura hii ni kwamba kompyuta ya zamani inayowekwa nyumbani inataka akili hiyohiyo ya mbegu, na kwamba kazi ya kwanza ya kuitunza ni ya kalamu. Rafu, mfuko na kufuli hufuata baadaye. Mashine ambayo hakuna anayeijua hali yake ni taka, hata ikifunikwa vizuri namna gani. Na mashine mbovu iliyoandikwa sawasawa inaweza kuwa ghala la vipuri kwa miaka mingi.

Kwanza tukubaliane ni kompyuta zipi zinazozungumzwa. Vitabu vya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huanza hadithi na mashine za sebuleni: Apple II ya 1977, ZX Spectrum na Commodore 64 za 1982. Sisi hatukupita njia hiyo. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na zuio hilo likalegezwa polepole katika miaka ya themanini. Miaka ileile ambayo mtoto wa Manchester alikuwa akijifunza kuandika programu mbele ya televisheni ya nyumbani, kwetu kompyuta ilikuwa kitu cha kibali na cha ofisi kubwa. Huku Ngara historia ina sura yake ya pekee. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24, na Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, pakawa mji mkubwa kwa siku chache. Mashirika ya misaada yalikuja na ofisi zao. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, likaanzisha Radio Kwizera. Ofisi ya kawaida ya miaka hiyo ilikuwa na mashine ya 386 au 486, printa ya kugonga yenye utepe wa wino, na boksi la flopi. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, na kambi ya Lukole iliyokuwa ya Warundi ikafungwa mwaka 2008. Kambi hufungwa, ila vifaa vya ofisi kwa kawaida huwa na maisha marefu kuliko ofisi: huuzwa, hugawiwa shule na parokia, hupelekwa nyumbani na mtu aliyeona ni dhambi kuvitupa. Baada yake likaja wimbi la kompyuta za mtumba, Pentium za rangi ya maziwa na skrini nene za kioo. Hizo ndizo kompyuta za kale za kwetu, na orodha ya thamani iliyoandikwa London haiwezi kutuambia ipi kati yake ni ya kuwekwa.

Wapo watakaouliza mapema faida ya kuweka nyumbani mashine ambayo hakuna anayeitumia. Jibu lenye nguvu kuliko yote ninayoyajua linatoka mbali sana na Ngara. Mwaka 1966 na 1967 Marekani ilituma vyombo vitano vya Lunar Orbiter kuuzunguka mwezi na kupiga picha, na picha hizo zikahifadhiwa kwenye kanda za sumaku. Kanda zilitunzwa. Mashine za kuzisoma, Ampex FR-900, kila moja kubwa kama jokofu, ziliacha kutengenezwa, na ikafika siku hakuna ofisi iliyozitaka. Nancy Evans, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya JPL huko California, akachukua mashine nne, nazo zikakaa nyumbani kwake, kwenye banda la gari, kwa takriban miaka ishirini. Mwaka 2007 wahandisi waliotaka kuzifufua picha hizo wakamfikia. Mwaka 2008, kwa kuunganisha vipuri vya mashine moja na nyingine, ile picha ya Agosti 1966 inayoionyesha dunia juu ya upeo wa mwezi ikaonekana upya, kwa ubora ambao watu wa 1966 hawakuwahi kuuona. Mali ya taifa tajiri namna ile iliokolewa na banda la gari la mtu mmoja. Lakini zingatia pia upande wa pili wa kisa hicho: mashine peke yake hazikutosha. Waliozifufua walihitaji maandishi ya matengenezo na mafundi wazee waliowahi kuzishika. Kilichohitajika kilikuwa chuma pamoja na ujuzi wa hicho chuma.

Uingereza nayo ilijifunza somo hilo kwa aibu kidogo. Mwaka 1986 BBC ilitayarisha kumbukumbu kubwa ya maisha ya Waingereza, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday cha 1086, ikaiweka kwenye diski za leza zilizohitaji kompyuta na mtambo maalumu wa kuzisomea. Haikutimia hata miaka ishirini, mitambo inayofanya kazi ikawa adimu, na ikabidi watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wafanye kazi ya uokoaji iliyoonyesha matunda mwaka 2002. Kitabu cha ngozi cha 1086 muda wote huo kilikuwa kinasomeka. Data hufa kabla ya kuoza, kwa sababu tu msomaji wake ametupwa. Anayeweka Kibimba mashine moja nzima inayosoma flopi za inchi tatu na nusu anaweza kuwa ameweka macho ya shule, ya parokia au ya chama cha msingi cha kahawa, bila wao kujua bado kwamba watayahitaji.

Sasa kalamu. Kaunta buku, lile daftari gumu linalopatikana duka lolote la vifaa vya shule, linatosha, na ninalipendelea kuliko faili ya kompyuta kwa sababu haliombi umeme wala nywila. Kila kifaa kipewe namba kwa mfuatano wa kuingia: 1, 2, 3, basi. Namba iandikwe kwa marka peni juu ya selotepu ya karatasi, ibandikwe nyuma au chini ya kifaa, isiandikwe kwenye plastiki yenyewe. Kishawishi cha kutunga alama zenye maana, herufi ya aina ikifuatwa na herufi ya chanzo na mwaka, kikataliwe. Alama hizo hufa na aliyezitunga. Maana ikae kitabuni, kwa maneno ya kawaida: ni kitu gani, kilitoka wapi, kilijaribiwa mara ya mwisho lini na kilifanyaje, nini kimetolewa ndani yake, kipo wapi sasa. Safu ninayoiona kuwa ya maana kuliko zote ni ile ya kilichotolewa, na ndiyo watu huiruka. Mtu akichomoa RAM leo ili kuiponya mashine nyingine na asiandike, baada ya miaka mitatu atawasha kasha lile, litalia mlio wa kulalamika, naye ataamini mazabodi imekufa. Mashine nzima itauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu kwa kosa la mstari mmoja usioandikwa.

Kutokana na kitabu hicho ndipo mpangilio wa rafu unazaliwa, na hapa naachana na desturi ya wakusanyaji wengi. Wao hupanga kwa kampuni na modeli, IBM na IBM, Compaq na Compaq, kwa sababu lengo lao ni kuonyesha. Nyumba iliyo mbali na maduka ya vipuri, ambako Mwanza ni safari ya karibu siku nzima kwa basi, ina lengo jingine: kupata kinachohitajika siku kitu kinapoharibika. Kwa hiyo ipange kwa hali. Zinazowaka na kufanya kazi zikae pamoja. Zinazowaka zikiwa na kasoro inayojulikana zikae pamoja. Na zile ambazo hazitapona, zinazowekwa kwa ajili ya kuchangia vipuri, ziwe na mahali pake na zisichukue nafasi ya zile nzima. Ndani ya utaratibu huo, vitu vinavyotegemeana visitenganishwe. Adapta ifungwe kwa kamba kwenye laptopu yake, kwa sababu tundu linaweza kulingana ilhali volti ni 12 upande mmoja na 19 upande mwingine, na kosa hilo hufanyika mara moja tu. Flopi ya programu ya kuendeshea kadi iwekwe bahasha moja na kadi. Skrubu ziingie kwenye kichupa cha dawa chenye namba ya mashine yake. Kuhusu wingi, naona tatu za aina moja zinatosha kabisa: moja inayofanya kazi, moja ya kuipokea, moja ya kutoa vipuri. Ya nne ni mavuno, siyo mbegu; impate mwalimu au fundi anayeanza.

Kabla kitu chochote hakijapanda rafuni, betri itoke. Hili silitaji kama ushauri mmoja kati ya mingi, kwa sababu katika mashine za 386 na 486 hakuna adui aliyeua wengi kuliko huyo. Mazabodi nyingi za enzi hizo zilichomewa betri ndogo ya nikeli na kadimiamu, mfano wa pipa dogo la bluu, kwa ajili ya kushika saa. Baada ya miaka huvuja maji ya alikali yanayotambaa chini ya rangi ya kijani na kula njia nyembamba za shaba, na huendelea kula mashine ikiwa imezimwa na kufungwa vizuri. Ikikatwa mapema, mazabodi huishi. Ikiwa imekwisha kuvuja, siki huituliza alikali, kisha sehemu hiyo husafishwa kwa spiriti na kukaushwa kabisa. Betri za sarafu za litiamu zilizokuja baadaye zina madhara madogo zaidi, ila nazo zitoke. Betri ya UPS ni ya risasi na asidi. Ikiachwa bila chaji huharibika, na hufura mpaka haichomoki tena. Zipo pia kapasita za maji, zile silinda ndogo kwenye pawa saplai na mazabodi. Ukuta wao wa ndani unaozuia umeme hudhoofika zikikaa muda mrefu bila volti, ndiyo maana mashine iliyolala miaka kumi inaweza kupasua kapasita siku ya kuwashwa. Mashine zilizo katika kundi la kwanza ziwashwe walau mara moja kwa mwaka, kwenye stabilaiza, na tarehe iandikwe. Mwenye mbegu naye hufungua chombo chake kuziangalia kabla ya msimu.

Kuhusu hewa, wataalamu wa nyaraka hupendekeza joto la nyuzi 18 hadi 22 na unyevu usiozidi nusu. Nyanda za Ngara, zilizo juu na zenye baridi kuliko Biharamulo, haziko mbali na joto hilo kwa wastani, na hiyo ni bahati ambayo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, mwenye chumvi ya bahari katika kila skrubu, hana. Wastani lakini hauharibu kitu. Kinachoharibu ni kupanda na kushuka. Chini ya bati lisilo na dari, chumba huchemka mchana na kupoa sana usiku. Chuma cha ndani ya kasha kikiwa kimepoa, hewa yenye unyevu ikiingia asubuhi, jasho hutanda juu yake kama linavyotanda kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Mvua za Septemba au Oktoba hadi Mei hulileta jasho hilo mara nyingi. Chumba kinachofaa basi ni cha ndani, chenye dari, chenye ukuta wa tofali za kuchoma au wa udongo mnene, kwa kuwa ukuta wa namna hiyo huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri haufai. Jiko la kuni halifai hata kidogo: moshi huacha utando wa mafuta unaokamata vumbi, na vumbi lililokamatwa hushika unyevu. Na sakafu ya saruji, hata ikionekana kavu, huvuta maji kutoka chini, kwa hiyo hakuna kasha la kukaa chini moja kwa moja, hata kwa wiki moja ya kusubiri nafasi.

Wadudu wanastahili heshima yao. Boksi la karatasi, ambalo kila mtu hulikimbilia kwanza, ni chakula cha mchwa na nyumba ya mende. Rafu ya mbao za mkaratusi ni nzuri na ya bei ya kawaida mradi mbao zimekauka. Mbao mbichi hutoa unyevu na hujikunja. Miguu yake ikisimama kwenye makopo yenye oili chafu, na rafu yenyewe ikiachwa shubiri moja kutoka ukutani, mchwa hapandi bila kuonekana. Panya hutafuna ngozi ya waya, na panya huja kwa sababu ya nafaka: mahindi na kompyuta visilale chumba kimoja. Nyigu wa udongo hupenda tundu za nyuma ya kasha, hasa za printa na za mtandao, kwa hiyo tundu zote zifunikwe kwa selotepu, na matundu ya feni kwa kipande cha chandarua. Vumbi jekundu la Juni hadi Agosti huzuiwa vizuri na khanga kuukuu ya pamba iliyofunika kasha zima, kwa sababu pamba hupumua. Nailoni juu ya mashine nzima hufungia jasho ndani.

Kwa vipande vidogo kanuni hugeuka, hivyo nailoni huwa rafiki. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, au mfuko wa PICS ambao wakulima wengi wanaujua kwa kuhifadhi mahindi bila sumu, hufunga hewa kiasi cha kutosha kulinda mazabodi, kadi na RAM kwa miaka. Masharti ni mawili. Vitu viingie vikiwa vikavu kabisa, kwa kuwa unyevu uliofungiwa ndani hautatoka tena. Vile vifuko vya chembe za kukaushia vinavyokuja na viatu hufaa, na vikishiba maji hukaushwa kwa kupashwa moto kiasi. Mchele, ambao watu wengi huuamini, hunyonya kidogo na huleta unga. Sharti la pili ni umeme tuli. Nailoni ya kawaida huuzalisha, na katika hewa kavu ya Julai cheche isiyoonekana kwa jicho inaweza kuua saketi. Kwa hiyo kila bodi iingie kwanza kwenye mfuko wa kijivu unaong'aa unaokuja na vipuri, au ifungwe kwa karatasi ya alumini baada ya betri kutolewa. Flopi zenye ukungu zitengwe kabisa, maana flopi moja yenye ukungu huchafua kichwa cha kusomea, nacho huzikwaruza zote zinazofuata.

Umeme wa ukutani nao una neno lake. Ngara imetumia jenereta za dizeli za TANESCO kwa miaka mingi kabla ya gridi ya taifa, na leo mito ya Ruvubu na Kagera inapokutana pale Rusumo pana mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa. Hata hivyo radi haijapungua. Ukanda huu wa Maziwa Makuu ni kati ya maeneo yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Kifaa cha akiba kisichomekwe kwenye soketi wala kwenye waya wa simu au mtandao. Kikichomekwa, kijaribiwe, kiandikwe, kichomolewe.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni la nafasi. Nyumba ina watoto, ina wageni, ina mavuno, na chakula kinatangulia chuma. Sina jibu la kulipinga. Nina jibu la kulipunguza. Sehemu kubwa ya ujazo wa kompyuta ya zamani ni bati tupu na kioo. Mwenye chumba kimoja anaweza kuweka mashine moja tu iliyo kamili, kisha za nyingine abakize mazabodi, RAM, kadi, hadi diski (hard disk) na kibodi moja au mbili. Ndoo mbili chini ya kitanda zitabeba kilichokuwa kimejaza kona ya chumba. Rafu ikijaa, kinachoingia kitoe kingine, na kitabu ndicho kitakachosema kipi kitoke, kwa sababu kinaonyesha ni kipi ambacho hakijaguswa na hakina atakayekihitaji.

Pingamizi la pili ni kwamba simu ya mkononi ya bei ndogo ina nguvu kuliko Pentium zote za wilaya zikiunganishwa. Huenda ni kweli, na hoja yangu haikusimama juu ya nguvu hata mara moja. Simu imegundishwa kwa gundi. Mwanafunzi wa sekondari hawezi kuifungua akaona kumbukumbu iko wapi, akachomoa, akarudisha, akaelewa. Kasha la Pentium hufunguliwa kwa bisibisi moja na kila kiungo kina mahali pake kinapoonekana kwa macho. Na simu haisomi flopi, wala hadi diski ya zamani yenye waya mpana. Hapo ndipo pana wajibu ambao watunzaji wengi hawauzungumzii. Flopi elfu moja zilizojaa hazifiki GB 2, flashi ndogo inazibeba zote; basi zinakiliwe sasa wakati msomaji yupo hai. Ila kilichomo si lazima kiwe cha mtunzaji. Hadi diski iliyotoka kwenye zahanati, shule au ofisi ya misaada inaweza kuwa na majina ya watu, na katika wilaya iliyopokea waliokimbia kuuawa kwa sababu ya walivyo, orodha ya majina siyo kitu cha kuchezea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeliweka hilo katika maandishi, lakini hata bila sheria ningelisema: taarifa za watu zirudishwe kwa taasisi iliyozitoa au zifutwe kabisa, na kitabu kiandike lipi kati ya hayo lilifanyika.

Pingamizi la tatu ndilo ninalolichukulia kwa uzito zaidi: kwamba haya yote ni kuahirisha taka, na kuweka sumu penye watoto. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Skrini ya kioo ina risasi ndani ya kioo chake. Lakini risasi hiyo, kioo kikiwa kizima, imetulia. Hatari huja skrini inapopasuliwa ili kutoa shaba, na waya zinapochomwa moto nyuma ya nyumba ili kuondoa plastiki. Katika kijiji, anayeamua kutupa kwa kweli anachagua shimo, moto au nyundo. Kuweka kwa kitabu, hadi vifaa vifike kwa mkusanyaji mwenye kibali kama zinavyotaka Kanuni za mwaka 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, ni salama kuliko vyote vitatu. Nakubali sehemu moja ya pingamizi hili bila masharti: skrini iliyopasuka, betri iliyofura na mazabodi inayovuja si mbegu. Zifungwe kwenye chombo chake, mbali na watoto na mbali na maji ya kunywa, zipewe namba kama vingine, na ziwe za kwanza kuondoka gari la kwenda mjini linapopatikana.

Kuna wanaosema kazi hii ni ya makumbusho, wala si ya nyumba. Makumbusho makubwa ya kompyuta, lile la Bletchley Park Uingereza na lile la Mountain View California, yamejaa vitu ambavyo kwanza vilikaa kwenye vyumba vya watu. Makumbusho hupokea kile ambacho mtu alikwisha kukiweka. Na hukipokea kwa furaha zaidi kikija na maelezo ya kilitoka ofisi gani, kilifanya kazi gani, kilizimwa lini. Kompyuta iliyotumika Ngara katikati ya miaka ya tisini, ikifika mikononi mwa mtafiti bila maelezo hayo, ni sawa na nyingine milioni zilizotoka kiwanda kilekile.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa kaunta buku uachwe kwa ajili ya mtu mwingine. Uandikwe kwa Kiswahili ambacho mtoto wa kidato cha pili anakielewa: mashine namba ngapi ndiyo inayosoma flopi, na inawashwaje, namba zipi zipewe shule zikihitajika, zipi zipelekwe kwa mkusanyaji wa taka na zisiguswe kwa nyundo, hadi diski zipi zimekwisha kufutwa. Na daftari lenyewe lisilale stoo pamoja na mashine. Likae chumbani, kwenye mfuko uleule wa hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa, na mtu wa pili ndani ya nyumba awe amewahi kulifungua, akatafuta namba moja, akaenda rafuni akaikuta.